Maji ya Rejeta na Jina la Shemeji Yangu

Msomaji huyu anaishi kati ya Nachingwea na Ruangwa. Jina lake tunalo, hatulitoi.

Ndugu wasomaji, kwa unyenyekevu mkubwa na baada ya kutafakari sana, nawatangazia kwamba motokaa ya mjomba wa mke wangu haivuji maji tena. Najua hamkuwa na habari kwamba ilikuwa ikivuja. Ningeliacha hivyo hivyo, lakini usingizi umenikataa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini, nina mke na mtoto mmoja. Kwa desturi yetu Wamwera nilioa nikahamia kwao mke, na mwenye kauli pale ni mjomba wake. Mkwe akaaye ukweni hupimwa kila siku kama gunia la ufuta. Mimi nilipita mzani kwa sababu moja tu: niliwahi kufanya kazi Nachingwea, kwenye magari ya Wazungu wa mradi wa karanga. Kazi yenyewe ilikuwa kuyaosha. Ukweni hawakuuliza kazi gani, waliuliza ya wapi, nami nikajibu nilichoulizwa.

Mradi ule ulipokufa na vyombo vyake kuuzwa, mjomba akanunua motokaa moja iliyochoka, ya kubebea ufuta na korosho, akanikabidhi. "Haya mkwe, mgonjwa wako huyo."

Mgonjwa akaanza kunywa maji. Najaza rejeta mpaka mdomoni, tukifika Ruangwa inachemka kama chungu cha kunde. Nikiinama kuchungulia chini yake, pakavu, hakuna hata tone. Fundi wa kweli angejiuliza maji yanapita wapi. Mimi nilijiuliza watu wataniona vipi.

Ilikuwa kiangazi, na kisima kiko mbali. Mjomba akaniuliza mbele ya watu, "Mkwe, maji yanakwenda wapi?" Wakati huo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa akipita, ametoka kuoga, shati jeupe, nywele amezichana. Sikusema ni yeye. Wallahi sikusema. Nilisema tu, "Rejeta ina koki kwa chini, mjomba. Mwenye shida ya maji hana haja ya kwenda kisimani." Kisha nikalitazama lile shati.

Shemeji akaangua kicheko. "Shemeji, mimi nioge maji ya kutu? Si ningetoka mwekundu kama barabara ya Chiola!"

Watu wakacheka. Nikaona mjomba naye midomo inamcheza kutaka kucheka, nikaogopa swali litarudi kwangu. Nikasema kwa ile sauti yangu ya Nachingwea, "Chombo hakivuji, mjomba. Nimekikagua mwenyewe."

Mjomba akamgeukia mpwa wake, mtoto wa dada yake kabisa. "Anayeiba maji kiangazi, masika ataiba nini?"

Shemeji hakucheka tena. Alikunja mkeka wake akaenda Kilimarondo. Mpaka leo yuko huko, analinda shamba la watu lisiliwe na tembo, analala kwenye dungu.

Hata wiki haijaisha tangu aondoke, nami nikiwa njiani nilifungua boneti injini ikinguruma, nikasikia kitu kinaungua: tsss. Kisha tena, tsss. Nikazima, sauti ikakoma. Nikapafuta pakakauka, nikanyunyiza unga wa muhogo kwenye mpira wa maji, nikawasha tena. Unga ukalowa mahali pamoja tu, upande wa chini, karibu na pampu. Palikuwa na ufa mdogo kama ukucha. Injini ikipata moto ufa unafunguka, ikipoa unafumba, na matone yalikuwa yakiangukia bati la moto chini ya injini, yanakauka kabla ya kufika ardhini. Nikarudi nyumbani, nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mbovu aliyoiacha shemeji, nikaufunga ule ufa, nikakaza kwa waya. Ukanyamaza.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mjomba. Lakini tuliporudi safari iliyofuata alisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko mwenyewe, akakuta maji yako palepale. Akaita ukoo mzima. "Mnaona? Mwizi kaondoka, maji yametulia! Mkwe wetu huyu alimjua kwa kumtazama tu!" Nikapewa paja la kuku. Nikalila.

Mke wangu hakula siku hiyo. Aliniuliza huku anatwanga, "Baba Fulani, mpira wa baiskeli ya mdogo wangu umekwenda wapi?"

"Panya hao."

"Eh! Panya wa kwetu siku hizi wanakata kwa kisu." Akaendelea kutwanga. Tangu hapo ananiandalia chakula, kisha anakwenda kukaa kwa mama yake.

Nikisema, mjomba atanifukuza, na mtoto kwa desturi ni wa ukoo wao, atabaki. Nikinyamaza, shemeji ataitwa mwizi maisha yake yote, kama tembo watamwachia maisha. Nimefikiri hata kuulegeza ule waya ili maji yapungue, asafike bila mimi kufungua mdomo. Lakini nawajua watu wetu, watasema amerudi kwa siri. Naona haya kumtazama mke wangu, naona haya hata kuitwa fundi.

Wasomaji wenzangu, wakubwa kwa wadogo, nishaurini, nifanye nini? Msinifiche neno. Mjomba hajui kusoma. Gazeti hili likifika hapa, anayemsomea ni mimi.