Njia ya nyuma ya migomba: nilivyomfikisha bibi Mwaya kwa baiskeli ya gia

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nilimwahidi bibi yangu, mama mzazi wa baba, kwamba nitamtafutia njia isiyorusha. Uzi huu ni habari ya ahadi hiyo. Sitaongeza chumvi, na mahali ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Kwanza mnifahamu kidogo. Ni mwalimu, nimetoka chuoni si muda mrefu, na nimepangiwa shule hapa Kyela, nyumbani kwa wazee wangu. Mimi mwenyewe nilikulia Dodoma, kwa hiyo Kinyakyusa changu ni cha kusalimia na kuombea maji.

Naishi na bibi katika kijiji cha Ipyana. Mdogo wake, Bibi Ambwene, anaishi Mwaya, karibu na ziwa. Kwa mwenye miguu mizima si mbali.

Lakini bibi ana nyonga mbovu. Gari hawezi: akipanda tu anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Tulijaribu baiskeli ya abiria kwenye barabara kubwa. Mnayajua yale matuta madogo madogo ya barabara ya changarawe, kama ubao wa kufulia. Hatukufika mbali. Alimgonga mgongoni kijana wa watu aliyekuwa anaendesha, akasema, "Nishushe, baba, nyonga inaniita."

Akarudi nyumbani kwa miguu, taratibu.

Kisha ikaja habari kutoka Mwaya kwamba Bibi Ambwene ameanza kusahau. Amemwita mwanawe wa kwanza kwa jina la marehemu mume wake. Jioni ile bibi aliniambia, "Mimi siogopi afe. Naogopa nifike, aniulize mimi ni nani."

Ndipo nikaahidi.

Sasa kuhusu baiskeli. Tangu biashara ilegezwe, vitu vingi vya mtumba vinaingia mjini kwetu, na miongoni mwake ni hizi baiskeli za gia, zenye matairi manene yenye meno. Nilinunua yangu mtaa wa Mbugani kwa Mzee Shaibu, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Alipoona nimeishikilia, alicheka.

"Mwalimu, hiyo ni ya milimani. Kyela hii ni sahani. Utaipandisha wapi?"

"Nitaipandisha kwenye matuta ya mpunga, mzee."

"Basi chukua na kengele. Ulaya huko porini hakuna wa kumpisha, ndiyo maana wameiuza bila kengele. Hapa utagonga bata wa watu."

Nikachukua na kengele.

Nikaanza kutoka peke yangu kila Jumamosi baada ya kufua. Natamani niwaeleze raha ya jambo hili, wakuu, maana wengi wanadhani baiskeli ni ya kubebea ndizi tu. Unaacha barabara, unaingia kwenye kivuli cha mikakao, majani makavu yanavunjika chini ya tairi, unateremsha gia, unasikia pumzi yako mwenyewe. Mbele, migomba ikipeana nafasi, unaiona Milima ya Livingstone imesimama ng'ambo ya ziwa, bluu tupu. Sijawahi kupata mahali pa kufikiri vizuri kuliko pale.

Lakini nilikuwa na kazi. Kila njia niliyoipita niliipima kwa nyonga ya bibi.

Moja iliishia kwenye jaruba la mpunga, nikazama hadi kwenye pedeli. Nyingine ilikuwa laini kama mkeka, kisha ikageuka mchanga mtupu ambao hata bila abiria nilishuka. Ya tatu ndiyo ilinipa matumaini: inapita vizuri kwa muda mrefu, inaingia katikati ya uwanja wa mzee mmoja, halafu, nyuma tu ya uwanja, kuna mfereji mpana wenye gogo moja la kuvukia. Mimi nilivuka na baiskeli begani. Bibi asingevuka.

Nilirudi pale mara kadhaa. Ndipo siku moja nikaona, kabla ya kufika uwanjani, kijia chembamba kinachochepuka nyuma ya migomba.

Kilikuwa kizuri kiasi cha kunitia shaka. Udongo ulikuwa umekanyagwa hadi ukang'aa. Hakikuwa na jiwe wala mzizi. Kiliuzunguka uwanja wote kwa mbali, kikaupita mfereji pale unapoanzia, pakavu kabisa, kisha kikarudi kwenye njia kubwa. Nikapiga mluzi kwa furaha. Nikakanyaga kwa nguvu.

Kwenye kona nikakutana na mwanamke kijana mwenye ndoo ya maji kichwani. Akaruka pembeni, maji yakamwagika. Nikafunga breki nikaomba radhi, kisha nikamsalimia kwa heshima.

"Mugonile, dada. Njia hii ni ya kwenda kwa nani?"

"Inaenda huko tu."

"Huko kwa nani? Ule uwanja ni wa nani?"

Akaangalia chini. "Wa yule mkubwa."

"Anaitwa nani?"

Akanyamaza. Nikadhani hakunisikia, nikarudia, tena kwa sauti ya darasani. Akaanza kucheka kwa aibu, akaita kuelekea migombani, "Wifi! Njoo umjibu mgeni huyu, ataniua!"

Akatokea mwanamke mwingine, mkubwa kidogo, na panga la kukatia majani mkononi.

"Gwe kaka, unamhukumu mwenzio kwa kosa gani?"

"Namuuliza jina la mwenye uwanja tu."

"Mwenye uwanja ni baba yangu. Kwake yeye ni baba mkwe. Unataka amtaje kwa kinywa chake? Ng'ombe wa faini utatoa wewe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka vitu nilivyovisikia utotoni nikavidharau. Wanyakyusa wana desturi wanayoiita ukutila. Mke wa kijana hamtaji baba mkwe wake, hakutani naye uso kwa uso, hapiti uwanjani mwake. Na baba mkwe naye anamkwepa vivyo hivyo. Kijia kile hakikuchongwa na jembe. Kilikanyagwa na wake za watoto wa nyumba ile, na kabla yao wake za wengine, wakienda kisimani na shambani bila kupita uwanjani.

Na mimi nilikuwa nimekiingilia kwa matairi ya meno.

Wakuu, mimi ni mtu wa kuamini kwamba wanawake wapite popote. Nikasema hivyo. Nikawaeleza kwa utaratibu kwamba zama zimebadilika, kwamba uwanja ni wa wote, na kwamba si haki wao kuzunguka na ndoo kichwani.

Walinisikiliza hadi mwisho. Wifi akamtazama mwenzake.

"Umemsikia? Anataka mpite uwanjani."

"Tukipita uwanjani," akasema yule mwenye ndoo, ambaye sasa aibu ilikuwa imemtoka, "tutacheka wapi?"

Hadi leo jibu lake sijalipata lote. Bado naona mzigo wa kuzunguka ni mzigo. Lakini nililiona pia jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: pale nyuma ya migomba hakuna mwanamume anayefika. Ndipo wanapowekeana siri, wanapofundishana, wanapomsema mume. Kijia kile ni chao kuliko hata nyumba wanazolala.

Nikawaambia basi shida yangu. Nikawaambia habari ya nyonga, ya barabara, ya Bibi Ambwene anayesahau.

Wifi akaitazama baiskeli, akauliza, "Bibi yako anakaaje kwenye chombo hicho?"

"Nitamfungia mto kwenye keria, akae upande."

"Mlete. Ukifika kwenye migomba, piga hiyo kengele yako. Ila wewe hupiti huku. Bibi tutampitisha sisi, wewe pita kwa wanaume wenzako."

Jumamosi iliyofuata nilimfungia bibi mto wa sufi, akajifunika kitenge kipya, akanishika mkanda wa suruali. Nilikwenda polepole, gia ya chini kabisa. Kila baada ya muda nikauliza, "Nyonga?" Naye akajibu, "Imelala. Usiiamshe kwa maneno."

Kwenye migomba nikapiga kengele. Wakaja watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Wakamsalimia bibi huku wamepiga magoti, wakanipokonya usukani, mmoja akashika keria, wakaondoka naye. Sikuambiwa hata kwaheri.

Nikapita uwanjani. Mzee mwenye nyumba alikuwa anageuza kakao yake juani. Nikamsalimia, akanipa kigoda. Kutoka nyuma ya migomba kikapasuka kicheko kikubwa, na ndani yake nikaisikia sauti ya bibi yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka namna ile tangu nihamie kwake.

"Wanacheka nini huko?" mzee akaniuliza.

"Sijui, mzee."

Akageuza kakao kidogo. "Hata mimi sijui. Nimezeeka bila kujua." Akatabasamu. "Lakini wakinyamaza siku nzima, nakosa hamu ya kula."

Nilivuka gogo mikono mitupu. Ng'ambo ya pili bibi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye keria kama malkia, kitenge hakina hata tope. Nikamuuliza walichekea nini. Akaniambia, "Endesha."

Tulifika Mwaya jua likiwa bado zuri. Bibi Ambwene alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Alinitazama mimi kwa upole wa kumtazama mtu usiyemjua. Kisha akamtazama dada yake anavyoshuka, mguu mmoja, halafu wa pili.

Akasema, "Umechelewa."

Bibi akasema, "Njia ilikuwa mbaya."

"Kaa basi. Shika huu, una mawe."

Bibi akakaa, akavuta ungo, wakachambua pamoja. Nikaenda ufukweni nikakaa huko peke yangu kwa muda, kwa sababu mwanamume mzima hawezi kulia mbele ya bibi wawili wanaochambua mchele.

Tulikwenda mara nyingine kadhaa kabla ya masika kufunga njia. Kila mara wale wanawake walitupokea. Nimewapelekea sabuni na chumvi, nao wamenipa ndizi nyingi kuliko nilizoweza kubeba. Ndaga fijo, asante sana, kwao, hata kama hawatausoma uzi huu. Kwa sasa Bibi Ambwene hamtambui mtu yeyote, hata dada yake. Bibi anasema haidhuru, kwa sababu alitambuliwa wakati ulipokuwepo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilidhani nimegundua njia mpya. Njia haikuwa mpya, na haikuwa inanisubiri mimi. Nilikaribishwa kando yake, na hilo limenitosha.

Wenye uzoefu wa kuzunguka vijijini kwa baiskeli, karibuni mchangie. Wanaoona desturi hii ifutwe nao waje, tujadiliane kwa staha.

Ila nina ombi moja. Juma lililopita niliona alama za matairi mapya mwanzoni mwa kijia kile, tena ya pikipiki. Jina la mahali sitalitaja. Tafadhali, ukiwa Kyela ukaona njia nyembamba, laini, inayoukwepa uwanja wa mtu na kupita nyuma ya migomba, usiingie. Geuza, pita uwanjani, umsalimie mzee.