Miti Yenye Ndevu

Harufu ya dawa ya mbu ikiungua ilinipokea kileleni, nikasimama. Utotoni mwangu, hapa juu hapakuwa na mbu.

Siku ile risasi zilipolia bondeni, mama alimfunga mdogo wangu mchanga mgongoni, akatupandisha mlima huu wa Masisi.

"Tunaenda mupaka kwenye miti iko na ndevu," alisema. "Kule mubu haifike, baridi inaiua."

Baba alicheka huku meno yakigongana. "Mama, risasi itatukosa, baridi njo itatumaliza!"

Tulilala chini ya ndevu hizo, mimea ya kijani iliyoning'inia matawini ikidondosha maji, vyura wadogo wakiita kila upande. Malaria haikumgusa mtoto.

Leo nina diploma ya mazingira, ya kwanza kijijini kwetu, niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Naweza kueleza vizuri jinsi joto lilivyokausha ndevu za miti na kuwanyamazisha vyura.

Kando ya moshi alikaa mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekimbia vita juzi, mtoto wake akiwaka homa.

"Kaka, wewe njo ulisoma," aliniambia. "Sasa tupande wapi?"

Nilitazama juu. Mlima ulikuwa umeisha.