Amri Iliyompeleka Wanjiku Nyuma

Nakumbuka Alhamisi moja asubuhi, mwanangu, nimesimama kwenye geti la kiwanda cha soksi mjini Thika, karatasi mkononi, shati jeupe limenyooshwa vizuri, nikijiona muhimu kuliko geti lenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi. Kiwanda kizima kilikuwa na kompyuta moja na mtu mmoja aliyejua kuzungumza nayo. Mtu huyo alikuwa mimi, na yeyote aliyesahau jambo hilo nilimkumbusha.

Kompyuta ile haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi na herufi za kijani. Uliiandikia amri, nayo ikatii bila kuuliza. Nilizipenda sana alama zake. Kulikuwa na nyota iliyomaanisha chochote kile, na mshale uliopeleka matokeo ya amri kwenye faili. Kulikuwa pia na kijiti cha wima kilichochukua kazi ya amri moja na kuikabidhi amri inayofuata, kama mafundi wanaorushiana matofali. Nikifaulu kuunganisha amri mbili tatu kwa vijiti, nilikuwa nageuka kuona kama kuna aliyeniona. Kwa kawaida hakukuwa na mtu.

Sasa, kiwanda kilikuwa kimefunga kitengo kimoja na wengi wakapoteza kazi. Meneja alipotangaza kwamba kitafunguliwa tena kwa watu arobaini, na kwamba atakayewahi ndiye atakayeajiriwa, walikuja kutoka Ngoingwa, kutoka Ruiru, mpaka Mwiki. Walipanga foleni siku tatu kwenye mvua. Askari wa geti aliwaandika kwenye daftari jinsi walivyofika, jina la nyumbani likitangulia, na Jumatano alasiri nikaletewa daftari hilo limelowa.

Niliyachapa majina yote, zaidi ya mia. Namba za pembeni niliziacha, kwa sababu niliamini kuhesabu ni kazi ya mashine. Kisha nikaitazama orodha, ikaniudhi. Wanjiku, halafu Karanja, halafu Wambui, halafu Muthoni; sikuona mpango wowote. Basi nikaandika:

sort majina > mapya
mv mapya majina
head -40 majina | lpr

Amri ya kwanza ilipanga majina kwa alfabeti na kuyaweka kwenye faili jipya. Ya pili iliweka faili jipya mahali pa lile la zamani, na la zamani likapotea. Ya tatu ilichukua arobaini wa juu na kuwapeleka kwa printa. Daftari la askari nililitupa kwenye pipa ambalo taka zake huchomwa kila jioni. Nilikunywa chai nikiwa na furaha.

Wewe umekulia huku, kwa hiyo umeshaona nilichofanya. Wanjiku, Wambui, Wangari, Wairimu: nusu ya mama zetu wanaanza na herufi moja, na herufi hiyo iko mkiani. Mimi, msomi, sikuliona. Pale getini nilisoma majina arobaini, karibu yote ya wanaume, na waliotajwa wakaingia ndani. Nilipokunja karatasi, mama mmoja mwenye gunia la plastiki kichwani alinikaribia.

"Wewe ndio wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Wanjiku. Nilifika Jumatatu kabla huyu askari afungue geti. Nimekuwa wa ngapi?"

Nilikuwa nimechapisha pia orodha nzima, nikaitoa mfukoni. Nilihesabu. "Wa tisini na nane."

"Nani alinirudisha huko?"

"Kompyuta imepanga kwa alfabeti, mama."

"Na hiyo kompyuta ilikuwa hapa kwa mvua?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba arudishiwe sufuria yake, "Kijana, tupatie foleni yetu."

Nikamwambia ukweli. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeifuta.

Meneja alikuwa ametoka kusikiliza kelele. Wanjiku hakumngoja aseme. Aligeukia watu akawaambia, "Kila mtu asimame nyuma ya yule alikuwa anaona mgongo wake." Mwanangu, foleni ile iliota tena mbele ya macho yangu. Huyu alimkumbuka mwenye sweta lililotoboka, yule alimkumbuka aliyekuwa akikohoa. Aliyekuwa hayupo aliwekewa jiwe, kama tunavyoweka mitungi kwenye foleni ya maji. Wale waliokuwa wameshaingia ndani walianza kutoka, mmoja mmoja, wengine wakinitazama vibaya.

Wa mwisho kutoka aliitwa Gitau. Alikuwa wa tatu kwenye karatasi yangu.

"Mimi nilikuja jana mchana," akasema, "mvua ikiwa imeisha." Akapita mbele ya watu wote hao, akaenda kusimama nyuma kabisa. Kazi hakupata.

Niliandika upya, kwa mkono, nikianza na namba. Moja, Wanjiku. Meneja akasaini hapo hapo getini.

Miaka iliyofuata nilikuwa nakutana na Gitau sokoni Thika, akiuza mitumba. "Herufi," aliniita mbele ya wateja, "leo umempanga nani?" Nilikuwa nanunua shati kila mara, hata lisiponitosha.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Ukikuta kitu ambacho kwako hakina mpango, uliza kwanza kilipangwa na nani, na kwa nini. Acha cha zamani mahali pake mpaka wenyewe wakikague kipya. Ukipewa namba za pembeni, zichape. Na amri ikikutii haraka, usidhani imekubaliana nawe. Haikuwa getini, na huenda hata wewe hukuwepo.

Mungu avibariki vidole vyako, mwanangu. Akujalie kazi, na kila utakapokosea akuletee Wanjiku akuulize wakati bado kuna watu wanaokumbuka, na akupe moyo wa Gitau siku jina lako litakaposomwa mapema kuliko zamu yako.