Mama Alikataa Kuzaa Dawa

Juzi nilipeleka kichwa changu kwa daktari hapa Bungoma, hiki kinachouma upande mmoja baada ya kuniletea vimulimuli machoni. Akaniuliza kama kichwa huja karibu na hedhi, kama kilitulia nilipokuwa mjamzito, na kama mama yangu alikuwa nacho. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akasema ni kipandauso. Homoni zikishuka kabla ya hedhi kichwa huamka, na wakati wa mimba wanawake wengi hupata nafuu. Nikatokwa na machozi, tena ya hasira.

Maana, rafiki yangu, kule kwetu Kitale waliiona nafuu hiyo wakaielewa kinyume.

Msimu wa kupura mahindi ua wetu ulijaa vumbi na makapi, magunia yakipigwa fimbo tangu asubuhi, uji wa wimbi ukitokota jikoni. Kila pigo lilimwingia Mama kichwani. Alijifunga leso kwenye paji la uso akalala ndani ya stoo, penye giza, ndoo ya kutapikia kando yake. Wapuraji walimwita mvivu. Ushahidi wao ulikuwa mimi: alipobeba mimba yangu kichwa hakikumsumbua, basi kumbe anajifanya! Shangazi, dada yake Baba, yeye alishikilia kwamba mimba ndiyo iliyomponya, akaniita Dawa, nami mjinga nikalipenda jina hilo.

Mwaka mmoja shangazi alikuja kutoka Kimilili kutusaidia kupura, akasimama mlangoni pa stoo.

"Wifi, si uongeze tu mwingine? Ukiwa na mimba, hii kichwa haikusumbuangi, bana."

Baba alikuwa nyuma yake, akiitikia kwa kichwa. Mama akaketi, macho ameyafumba, akanishika mkono.

"Mtoto si tembe, wifi. Huyu nilimzaa kwa sababu nilimtaka. Mwingine sizai."

Walimnunia hadi mahindi yakaisha. Aliitwa mkaidi, akatishiwa kurudishwa kwao Kanduyi, na hakuzaa tena. Kichwa kilimwachilia chenyewe hedhi ilipokoma, akapata miaka yake michache ya kuamka bila woga.

Siku hizi mahindi yanapukuchuliwa kwa mashine, ua umegawanywa, na Mama hayupo tena. Ninamkumbuka sana. Shangazi yupo, ananipigia simu kuniuliza nitaongeza lini ili nipone. Nimemwambia siongezi. Kichwa kikija nafunga pazia, nazima simu, nalala mchana kweupe, na anayetaka kuniita mvivu aniite tu, ila kwa sauti ya chini.