Betri Iliyoandikwa Maji ya Moto

Cheti changu cha hospitali kinasema niliunguzwa na maji ya moto. Ni uongo. Aliyeutunga ni mama yangu, na niliyeuitikia ni mimi. Kilichoniunguza ni betri ya sigara ya umeme, hii wanayoiita veipu, na aliyeniuzia yuko hai, mzima wa afya, na kila asubuhi anafungua duka lake katika uchochoro wa Mji Mkongwe kama mtu asiye na jambo. Siandiki haya ili nimsamehe. Wapo wengi walionishauri nimsamehe, na kila mmoja wao nilimuuliza kama aliwahi kubanduliwa nguo pamoja na ngozi.

Nilianza kuvuta nilipokuwa Paje. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko, na wenzangu wa zamu walikuwa na vidude vyao vya rangi rangi, vinanuka embe na mnanaa. Nilijaribu kimoja, nikapenda, nikanunua changu. Nyumbani kwetu Jang'ombe nilikuwa navutia chooni, dirisha wazi. Kaka zangu wanavuta sigara za kweli barazani na hakuna anayekohoa. Nikiwa na miaka kumi na nane nilimuuliza mama kwa nini, akanijibu, "Kwa sababu ndivyo." Jibu hilo sikulikubali wakati ule, na silikubali mpaka leo.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni hili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwachosha wahadhiri kwa maswali. Ukiniambia jua linachomoza mashariki nitakuuliza umejuaje. Lakini siku betri ya veipu yangu ilipokuwa haikai na chaji, nilikwenda dukani kwa mtu yule nikanunua nyengine kwa swali moja tu.

Aliitoa katika ndoo ya plastiki iliyojaa betri, akaifunga kwa kipande cha gazeti kama anayenifungia njugu.

"Ina garanti?"

"Garanti ni uso wangu, dada. Si unaniona hapa kila siku?"

Nikacheka. Hakunipa kijaluba cha kuihifadhia. Hakuniambia kuwa betri ya aina ile ikiwa wazi, ikigusana na chuma inaweza kuripuka. Ganda lake lilikuwa jipya, linang'aa. Baadaye nilikuja kujua kuwa yale maganda huuzwa peke yake, na kwamba mtu anaweza kuyavisha betri kuukuu iliyotolewa popote.

Siku ya pili yake, Jumamosi asubuhi, tulikuwa nyumbani kwa shangazi kwa shughuli ya harusi. Wanawake wamejaa uani wanamenya thomu, masufuria yako juu ya mafiga, vicheko vimetawala. Chini ya buibui nilivaa suruali, na mfukoni mwake mlikuwa na veipu yangu, betri ile ambayo sijaitia bado, na funguo za chumba changu cha Paje. Gazeti lilikuwa limeshachanika. Shangazi akanituma stoo nikatoe mchele. Nikainama.

Nilisikia kitu kinafyonya, kama soda inapofunguliwa. Kisha paja langu likawaka. Buibui halikuungua, liliyeyuka. Nakumbuka nilishangaa, nikiwa napiga mayowe, kwamba kitambaa kinaweza kugeuka uji.

Mama ndiye aliyefika mwanzo. Alilichana buibui kwa mikono yake, vidole vyake viwili vina alama mpaka leo. Kisha akaona. Betri ilikuwa juu ya gunia la mchele, imetoka matumbo, inafuka moshi, na veipu yangu imeanguka karibu yake. Aliitazama kwa muda wa kupepesa jicho. Akavipiga teke vyote viwili vikaingia chini ya uchaga, na wanawake walipojaa mlangoni alikuwa keshapata la kusema.

"Maji! Kamwagikiwa na maji ya moto!"

"Lahaula! Nani kaweka sufuria stoo?"

"Na maji yenyewe yako wapi?" aliuliza mmoja.

"Yameshakauka!" shangazi akamjibu kwa ukali, maskini, akimtetea wifi yake bila ya kujua anatetea nini. "Wewe ulitaka uyaone uyafanyie nini?"

Hospitali daktari alinikagua muda mrefu. Alitoa vipande vidogo vyeusi kwenye nyama kwa koleo, akaviweka kisahanini kimoja kimoja.

"Maji ya moto?" aliuliza.

"Maji ya moto," mama akasema.

"Haya maji yenu yana chuma ndani."

Daktari akanigeukia mimi, na mimi, niliyesoma chuo, ninayeuliza kila kitu, nikasema, "Maji ya moto." Akaandika alichoambiwa.

Sikuulaumu uongo ule wakati ule. Kwetu hapa mtu hufunika kwanza, kisha ndiyo hutibu. Mama alinisitiri kama alivyonifunika khanga njiani, kwa haraka ile ile na kwa mapenzi yale yale. Nilielewa kosa letu baadaye, nilipoanza kutaka haki.

Kovu limevuta ngozi. Siwezi kukaa kitako cha tahiyatu, nasali juu ya kiti kama bibi kizee, na kila anayeniona huuliza. Kazi ya kusimama saa nane mfululizo mapokezi ikanishinda. Wiki zote zile za kulala upande mmoja nilikuwa na shughuli moja tu, kumfikiria yeye. Nilimfikiria anakula. Nilimfikiria anacheka na wateja, mkono umo ndani ya ndoo. Nilifikiria kiberiti, sitaficha. Lakini mlango wa pili kuna mshona nguo, na juu yake kuna familia yenye watoto, na moto hauulizi mwenye kosa ni nani. Nikafikiria kumtangaza mtandaoni. Nikajiuliza, watu watakumbuka siku ngapi? Tatu? Nilitaka kitu kitakachomfuata.

Kwanza nilikwenda dukani kwake, nachechemea. Alinitambua.

"Betri uliyoniuzia imeniripukia."

"Pole sana, dada. Umeungua wapi?"

"Paja."

Akaniangalia, akatabasamu. "Hebu nione."

Nikalishika buibui langu kwa mikono miwili.

"Nilikwambia uiweke pamoja na funguo?" akaendelea, maana nilikuwa nimeshamsimulia.

"Ulinambia nisiiweke?"

Kisha akainama chini ya meza, akatoa boksi jipya, akalisukuma mbele yangu. Veipu mpya, ya rangi ya waridi.

"Chukua, yaishe. Ukenda kushitaki, bibie, watu hawatauliza betri ilikuwaje. Watauliza mtoto wa watu alikuwa na nini mfukoni."

Niliondoka bila ya boksi. Alikuwa amehesabu kwamba haya yangu ndiyo bima yake. Na hesabu ile, mpaka dakika ile, ilikuwa sawa.

Kuna afisi ya msaada wa kisheria Amani, ghorofa ya kwanza. Mwanasheria aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri wangu, ana mafua, ana karatasi mpaka sakafuni. Alinisikiliza bila ya kunikatiza. Akaniambia njia zipo. Naweza kupeleka malalamiko kwa wanaosimamia haki za wanunuzi, wao wakakague ile ndoo. Naweza kumfungulia muuzaji kesi ya madai, kwa uzembe, kwamba aliuza kitu cha hatari, hakukifunga inavyopasa wala hakuonya, nikaomba fidia ya matibabu, ya kazi niliyoipoteza na ya maumivu. Aliyeingiza mzigo nchini, tukimjua, naye anaingia. Kiwanda kiko mbali, na jina lake kwenye ganda pengine si lake. Tena, akasema, kuna njia ya suluhu, watu wakae chini waombane radhi.

"Hiyo ya mwisho iruke," nikasema.

Akacheka, akapiga chafya, akakifungua cheti. Kicheko kikakatika.

"Dada'angu, hapa unashitaki birika."

"Naam?"

"Hiki ndicho atakachokishika wakili wake. Maji ya moto. Imeandikwa siku ile ile. Kwa karatasi hii, mtu wa kushitakiwa ni birika la shangazi yako."

Akaeleza kinachohitajika. Betri yenyewe, ikiwa ipo. Daktari aandike alichokiona kwa macho yake, si alichoambiwa. Na aliyetamka neno maji kwa mara ya mwanzo aape mbele ya mwenye mamlaka kwamba alisema uongo, na aseme kwa nini.

Betri ilikuwepo. Mama alirudi stoo kwa shangazi siku ile ile akavitoa vyote, akavitia ndani ya kopo la maziwa, akalificha sandukuni. Sikumuuliza alivihifadhi kwa nini. Lakini kuapa alikataa.

"Nikasimame nimuapie Mungu kuwa nilisema uongo, na kuwa mwanangu anavuta?"

"Mungu keshajua yote mawili, mama."

"Mungu ana sitara. Watu hawana."

"Na yeye, anayeuza? Yeye nani anamsitiri kama si sisi?"

"Usinipigie kelele. Nshasema."

Tulikaa siku nyingi hatusemeshani ila kwa chakula. Nilikuwa na hasira naye, na nilijua kuwa hasira ile si yake. Wakati ule kitu kilichosimama baina yangu na mtu yule kilikuwa neno moja la mama.

Aliyelivunja hakuwa mimi. Alikuwa dada yake muuzaji. Alikuja alasiri moja, bibi mtu mzima, kajifukiza udi, na sahani ya halua imefunikwa kitambaa. Nilikuwa chumbani, pazia tu kati yetu. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakalaumu joto. Kisha akashusha sauti.

"Ndugu yangu kasikitika sana. Na sisi tuna mabinti, tunajua. Lile la binti yako tumelifunika. Kwetu halitoki, maadamu na nyinyi mmetulia."

Mama akauliza, "Lipi hilo mlilolifunika?"

"Si haya mambo ya sigara, dada'angu. Vijana wa siku hizi."

"Na nyinyi mmejuaje?"

"Atakosaje kujua, naye ndiye aliyemuuzia? Ile betri kaichagua kwa mkono wake."

Nilisikia kiti cha mama kinaburuzika.

"Kwa hiyo anakiri kuwa kamuuzia," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na mimi ninayemjua nilisisimka. "Na siri ya mwanangu sasa iko mikononi mwenu, mtaiachia mkitaka. Ahsante. Chukua halua yako."

"Jamani, halua tena?"

"Ichukue. Na mwambie ndugu yako, nilimsitiri mwanangu, sikumsitiri yeye."

Kumrudisha mgeni na sahani yake haijapata kutokea nyumbani kwetu, hata kwa watu tuliogombana nao mirathi. Mgeni alipotoka, mama aliinua pazia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Yule mwanasheria wako wa mafua anafungua saa ngapi?"

Alitia udhu kabla ya kutoka. Mbele ya aliyemuapisha alisema kila kitu kwa mpangilio, stoo, gunia, uchaga, teke, na maneno aliyoyatamka mlangoni. Alisema na ya yule mgeni wa halua. Naye akamsomea tena yaliyoandikwa, akauliza kama kuna la kuongeza.

"Liko. Andika kuwa nilisema uongo kwa sababu nilimuonea haya mwanangu. Na sasa simuonei."

Daktari naye aliandika barua yake. Aliikumbuka kesi yetu bila ya kuangalia daftari. "Wenye maji ya chuma," alisema.

Wito wa mahakama ulipotoka, tarishi, mzee mmoja mwenye kofia iliyofifia, aliniomba nifuatane naye nimuonyeshe duka. Kwa kawaida huonyesha yeyote anayelijua. Mimi nilitaka niwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, uchochoro umejaa wanunuzi.

"Ndiye huyu?" tarishi akaniuliza.

"Ndiye."

"Simi," muuzaji akasema. "Mwenye duka kasafiri."

Tarishi hakubishana. Alivaa miwani, akaikunjua karatasi, akaanza kusoma palepale kizingitini kwa sauti ya mtu aliyezoea kukanwa. Akasoma kwamba mdai anadai mdaiwa alimuuzia betri ya sigara ya umeme. Akasoma kwamba mdai ni mvutaji wa sigara hiyo. Akasoma paja, la kulia, na vipimo vya kovu. Mshona nguo alisimamisha mguu kwenye cherehani. Wanawake wawili wenye vikapu walisita. Kila nililolificha miaka miwili lilipita mbele yangu kwa sauti ya mzee mwenye miwani, na nilikuwa naungua uso, lakini sikuinamisha kichwa. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa naangalia mikono ya muuzaji.

Aliitia ndani ya mifuko, akaitoa. Mteja aliyekuwa kashika boksi akalirudisha mezani polepole.

"Kumbe unavuta, mtoto mzuri?" mshona nguo akanirushia.

"Nilikuwa navuta. Na wewe mwanao kanunua kwake lini?"

Alimgeukia jirani yake muuzaji, na jinsi alivyomtazama ilinifurahisha kuliko dawa yoyote niliyopakwa hospitali.

"Haya, lete," muuzaji akasema. Alitia sahihi, tarishi akamuonyesha tarehe ya kufika mbele ya hakimu, akamrudia mara mbili ili asiseme hakusikia. Halafu muuzaji akasogea karibu yangu, akanong'ona ili wengine wasisikie.

"Umeridhika sasa?"

Nilimjibu kwa sauti ya kusikika uchochoro mzima.

"Bado."