Wasifu wa Profesa Aliyekuwa Hai

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni swali hili: je, inafaa kumsomea mtu wasifu wake hadharani akiwa bado hai, ameketi mbele yako, anakula keki?

Kwetu wasifu husomwa kando ya jeneza. Husimama mpwa mwenye sauti nzuri, akaeleza marehemu alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaanza kuugua lini, na waombolezaji wakatikisa vichwa. Kumsomea aliye hai ni kumchuria. Mimi siamini uchuro, nina digrii. Lakini nilijiuliza: nisipoamini, nikasoma, kisha afe, nitamweleza nini binti yake?

Mtu mwenyewe alikuwa mzee Mpolandi niliyekuwa nikimtunza huko Columbia Heights, katika fleti iliyotazama kituo cha basi. Nilikuwa nimehitimu fasihi, na baada ya kutafuta sana kazi ya fasihi nikapata ya kutunza wazee, kama nusu ya Wakenya ninaowajua hapa ughaibuni. Nilipofika kwake na kugundua kuwa alikuwa profesa wa ushairi, nikaona Mungu naye hupenda mzaha. Kila asubuhi alinibusu mkono kabla sijampima presha.

Alizaliwa mwinyi. Babu yake alikuwa na jumba, misitu na farasi. Vita vikachukua jumba, serikali iliyofuata ikachukua misitu, yeye akabaki na adabu tu. Akasoma, akawa profesa. Serikali ile nayo ilipoanguka, waliokuwa wanafunzi wake wakamsukuma agombee useneta, akashinda. Mara ya pili alishindwa, kwa sababu mwenyekiti wa chama chake alinukuu shairi jukwaani naye akamsahihisha papo hapo, mbele ya umati.

Haya nilielezwa na binti yake, daktari wa meno anayeishi Maplewood. Profesa mwenyewe, akisimulia, hakuwahi kufika kwenye useneta. Kila alipoanza kunisimulia maisha yake alianza na farasi wa babu, mmoja baada ya mwingine, na tabia za kila mmoja, na supu iliiva kabla hajatoka zizini.

"Msomi haanzi katikati," aliniambia nilipojaribu kumharakisha.

Sasa, Wapolandi huiheshimu siku ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake kuliko hata siku ya kuzaliwa. Siku ya Profesa ilikuwa inakaribia, na binti yake alikuwa amekodi ukumbi ulio chini ya kanisa lao. Mwaka uliotangulia walimpa maikrofoni. Alizungumza juu ya farasi mpaka mtunza ukumbi akaanza kupanga viti, vingine vikiwa bado vimekaliwa.

"Mwaka huu Baba hasemi," binti yake aliniambia. "Wewe umesomea kuandika. Andika ukurasa mmoja juu ya maisha yake, usome, kisha watu wale chakula."

Profesa alipopata habari hakubisha. Alingoja mpaka nilipokuwa namvisha soksi.

"Andika kwamba nilikuwa mwalimu," akasema.

"Nitaandika, Profesa."

"Wale wanakuja kumwona mjukuu wa mwinyi. Wengine wanataka picha na seneta. Kabla sijafa ningependa mtu mmoja ajue kuhusu jiko."

"Jiko gani?"

Akafungua mdomo. Nikamwona akirudi nyuma kutafuta mwanzo, na nikajua tumekwisha.

"Babu yangu," akasema, "alikuwa na farasi mweupe aliyeogopa kuku."

Nilikaa mbele ya kompyuta siku kadhaa bila sentensi. Nilijua juu ya jumba, misitu na kura, na juu ya jiko sikujua chochote. Ndipo nikafanya kosa la kumwomba mama yangu msaada. Mama ni muuguzi, tunaishi naye Coon Rapids, na katika kanisa letu yeye ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu wote. Hajawahi kukosa msiba. Aliniandikia ukurasa mzima huku ugali ukiwa motoni.

"'Ameacha binti mmoja na wajukuu wawili,'" nilisoma. "Mama, hajaacha mtu. Leo amekula mayai mawili."

"Ataacha. Ama unataka kuandika upya?"

"Na hii 'alikuwa mtu wa watu'? Alishindwa uchaguzi."

"Hakuna wasifu usio na mtu wa watu," Mama akasema. "Hata yule deacon tuliyekuwa tunamkimbia niliandika hivyo. Kwani huyu mzee wako hana mdomo? Si aongee mwenyewe?"

"Alikuwa mwanasiasa, Mama. Akishika maikrofoni harudishi."

Mama akaacha kusonga ugali. Alinitazama kama mtu aliyelipia karo ya bure.

"Nani alikwambia mwanasiasa hupewa maikrofoni? Mwanasiasa hushikiwa. Kule nyumbani mheshimiwa akija kanisani Jumapili, mzee wa kanisa anasimama kando yake na kumshikia. Anasalimia watu vizuri. Akianza siasa, mkono wa mzee unachoka."

Nilicheka, nikafuta "ameacha", nikaandika "ana". Kisha nikalala macho, nikiwaza kama neno moja linatosha kumzuia Malaika wa Mauti.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Palikuwa na vitu kama sambusa za kuchemshwa zenye viazi ndani, ambavyo Mama, niliyemwalika, alivila kwa mashaka hadi sahani ya tatu. Profesa alikuja kumsalimu, akambusu mkono.

"Huyu mzee ananinusa?" Mama akaninong'oneza, akitafuta dawa ya kuua vijidudu kwenye mkoba.

"Ni heshima, Mama."

"Heshima gani ina mate?"

Binti wa Profesa akanipa maikrofoni. Nikafungua karatasi. "Alizaliwa katika familia ya mamwinyi," nikaanza, na nikasikia sauti yangu ikishuka yenyewe, ikawa ile ya mpwa kando ya jeneza. Nadhani ukurasa wa Mama hausomeki kwa sauti nyingine. Bibi aliyeketi karibu na Profesa akamshika mkono kumfariji. Kule nyuma Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anaguna kwa majonzi kama alivyozoea. Profesa akaweka uma chini. Keki ilikuwa haijaisha. Alinitazama kama mtu anayesikiliza habari zake kwenye redio, zikiwa na makosa, naye hana simu ya kupiga.

Mbele yangu zilikuwepo bado misitu, useneta na mtu wa watu. Jiko halikuwemo, na kwa kuwa alitaka aitwe mwalimu, nikakisia kwamba humo ndimo alimofundishia.

Nikakunja karatasi. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, nikaweka maikrofoni chini ya kidevu chake bila kuiachia. Binti yake akainuka nusu.

"Profesa," nikasema, "kule jikoni, wanafunzi walikuwa wanakaa wapi?"

Macho yake yakaanza safari ya kurudi zizini. Nikauliza tena upesi, "Walikaa wapi?"

"Kwenye hodhi la kuogea," akasema.

Watu wakacheka, naye akashangaa, kisha akaendelea. Alikuwa amekatazwa kufundisha mashairi ya mshairi fulani chuoni, kwa hiyo aliyafundisha nyumbani. Hodhi lilikuwa jikoni kwa sababu fleti haikuwa na mahali pengine. Waliotangulia kufika walikaa ndani yake, waliochelewa wakakaa ukingoni. Mkewe alichemsha kabichi kila mara ili majirani wadhani ni karamu, na mpaka leo, alisema, akinusa kabichi anakumbuka beti. Akatughania ubeti mmoja kwa lugha yao. Sikuelewa neno, lakini binti yake alikuwa ameketi tena, mkono mdomoni. Nadhani hakuwa amewahi kusikia.

Profesa akapumua, akatazama dari.

"Na juu ya hodhi," akasema, "palikuwa na picha ya farasi mweupe wa babu yangu, ambaye..."

Mkono wangu ukachoka.