Walioitwa kwa Kitambaa Cheupe

Mwaka ule tulikula mihogo asubuhi na jioni. Mchana mmoja wazee wetu wa kanisa walifunga kitambaa cheupe cha meza ya Bwana kwenye fimbo, wakawaita wageni waliojificha shuleni: “Tokeni, mko salama.” Nikadhani ni ubatizo, nikakimbilia nyimbo. Nikakuta mapanga mikononi mwa wazee.

Baba alirudi ananuka damu na sabuni. “Wakikuuliza nani kawaua, sema ni watu wa msituni.”

Nikamjibu: “Sisemi hivyo, niliwaona.”

Juzi hapa ughaibuni, Vårby gård, mjukuu wangu alinisomea habari za Wamormoni wa zamani, nao watu wa kanisa: waliwaahidi wasafiri usalama, wakawaua, wakawasingizia wenyeji wa asili mauaji hayo. Nikamsimulia yetu. Binti yangu akaruka: “Mama, tutaficha wapi uso? Sema ni watu wa msituni!”

Nikamjibu, uzee huu, kama nilivyomjibu baba:

“Sisemi hivyo, niliwaona.”